Kumbukumbu za Seva, Kumbukumbu za Wagonjwa

"Nafuta kumbukumbu ya seva, dada, nipe dakika mbili tu." Nilikuwa Dar es Salaam, nikizungumza kwa simu na mhudumu wa mapokezi wa zahanati moja ya binafsi iliyo kando ya barabara inayotoka Mlandizi, upande wa Kibaha, kwenda Mzenga, upande wa Kisarawe. Kikapita kimya. Kisha akauliza: "Kumbukumbu za wagonjwa, kaka? Mama anajua?" Mama ni mganga mfawidhi. Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma. Dada alikuwa anakwenda kumwita.

Kwa mtu wa mapokezi, kumbukumbu ni majalada: jina, umri, vipimo, dawa alizopewa mtu mara ya mwisho. Kwa fundi, kumbukumbu ni vile vibao vya RAM vilivyochomekwa ndani ya seva. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili, na nadhani sisi wa TEHAMA tumechangia, maana kazi ya kutafuta maneno imefanywa na wachache. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, lakini vyumba vya seva viliendelea na lugha yake ya mseto. Nilimtuliza dada kwa kumweleza kwamba hakuna jalada litakaloguswa, na hilo ni kweli. Hata hivyo hofu yake ilinifanya niondoe kidole kwenye kitufe, nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mapema: ninafuta nini hasa, na kwa sababu gani?

Swali hili ni la wengi. Miaka kumi na tano hivi iliyopita, seva katika vijiji vya Pwani ilikuwa jambo la kuhesabu kwa vidole. Leo mifumo ya kuendesha tiba imeenea. GoTHOMIS, mfumo wa serikali ulio chini ya TAMISEMI, ulitumika mapema hapo hapo Kibaha, katika hospitali ya Tumbi, na vituo binafsi navyo vimenunua mifumo yao. Nyingi ya mashine hizi zinatumia Linux, kwa kuwa haina gharama ya leseni na inavumilia mashine dhaifu. Mfumo ukiwa mzito, agizo la kwanza linalopita kwa mafundi ni lile lile: futa kache, futa swapu. Mtu analiandika, mashine inapumua kidogo, na sifa ya dawa inakua.

Tuanze na kache. Seva ikisoma faili kutoka kwenye diski, kiini cha Linux (kernel) hakilitupi faili hilo baada ya kazi. Hulibakiza katika sehemu ya kumbukumbu isiyo na mwenyewe kwa wakati huo, ili likihitajika tena lisifuatwe mbali. Ni maji ya mtungini. Anayetaka kunywa hateremki kisimani kila kiu inapomjia. Tofauti ya umbali ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: kusoma kutoka kwenye RAM huchukua takriban nanosekunde 100, kutoka kwenye diski ya SSD takriban maikrosekunde 100, na kutoka kwenye diski ya kizamani inayozunguka huchukua milisekunde 10 hivi, yaani mara laki moja ya muda wa RAM. Seva ya zahanati ile ilikuwa na diski inayozunguka.

Basi kumbukumbu "iliyojaa" kache imejaa maji ya kunywa. Na tofauti na maji ya kweli, haya hayamzuii mtu kutumia mtungi kwa jambo jingine: programu ikiomba nafasi, kiini humwaga kurasa za kache ambazo hazijaguswa kwa muda na kuikabidhi programu nafasi hiyo. Hakuna anayehitaji kukisaidia kwa amri.

Hofu huanzia kwenye skrini. Nilipoandika amri ya free -m siku ile, ikikaribia saa nane mchana, majibu yalikuwa hivi: jumla MB 3,900, zinazotumika 2,350, tupu 130, kache 1,420. Safu hiyo ya "tupu" ndiyo inayowaangusha watu. Ukiona 130 kati ya 3,900 unasema seva inakufa. Lakini mwisho wa mstari kuna safu nyingine, imeandikwa available, nayo ilisoma 1,250. Hiyo ndiyo nafasi ambayo programu mpya inaweza kupata bila mashine kuhangaika, kwa sababu inahesabu na kache inayoweza kuachiwa. Kiini kilianza kutoa makadirio hayo katika toleo la 3.14 la mwaka 2014, kwa kuwa kila mtu alikuwa anajumlisha vibaya kwa kichwa. Fundi wa leo anayeendelea kusoma safu ya tupu anapuuza jibu aliloandaliwa.

Mstari wa pili ulinisumbua zaidi: swapu, jumla MB 2,048, zilizotumika 610.

Swapu ni sehemu ya diski inayopokea kurasa za kumbukumbu zisizotumika sana, kila ukurasa KB 4, ili RAM ibaki kwa wenye haraka. Historia yake ndani ya Linux inanigusa kila nikiikumbuka. Mwishoni mwa 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alipata ombi la mtu wa Ujerumani aliyekuwa na kompyuta ya MB 2 tu za kumbukumbu, na aliyeshindwa kuitumia kutengeneza kiini chenyewe. Torvalds alitumia siku za Krismasi kuandika uwezo wa kuhamishia kurasa kwenye diski, ukaingia katika toleo la 0.12 la Januari 1992. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Mashine ya Atlas ya Manchester ilikuwa nalo tangu 1962. Ila katika Linux, swapu iliingia kwa ajili ya mtu mwenye mashine ndogo, na watu wenye mashine ndogo ndio sisi.

Sasa, MB 610 ndani ya swapu ni ugonjwa? Mzenga kuna stesheni ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Reli ni ya njia moja. Treni mbili zikikutana, moja huingia njia ya pembeni pale stesheni, nyingine ikapita. Behewa linaloegeshwa njia ya pembeni halimsumbui mtu. Limewekwa hapo ili njia kuu iwe wazi. Kazi ingeharibika kama mkuu wa stesheni angeshinda kutwa akiingiza na kutoa mabehewa yale yale, njia kuu ikawa haipitiki. Swapu ni hivyo hivyo. Kiasi kilichoegeshwa hakikuambii kitu. Kinachokuambia ni mwendo wa kuingia na kutoka.

Mwendo huo unasomwa kwa vmstat 1, amri inayochapisha mstari mpya kila sekunde. Safu mbili ni za kutazamwa kuliko nyingine: si, kurasa zinazorudi kutoka kwenye swapu, na so, zinazopelekwa. Saa nane mchana ile zote mbili zilikuwa sifuri, mstari baada ya mstari. Mabehewa yalikuwa yameegeshwa tu. Ningekuwa nimefuta nini? Lakini dada alikuwa ameniambia mfumo unagoma asubuhi, nami nilikuwa napima mchana, foleni imekwisha. Nikaiacha vmstat iandike kwenye faili usiku kucha hadi kesho yake. Saa tatu asubuhi, chumba cha kusubiria kikiwa kimejaa, safu zote mbili zilipanda hadi maelfu, na safu ya wa, muda ambao kichakataji kinakaa kikiisubiri diski, ilipita 70 kwa mia. Mwaka 1968 Peter Denning aliandika makala iliyoeleza hali hii, mashine inapotumia nguvu zake kuhamisha kurasa badala ya kufanya kazi iliyoagizwa. Kiswahili kina neno lake kamili: mashine inatapatapa.

Kwa hiyo palikuwa na tatizo la kweli, ila halikuwa pale nilipotaka kulifuta.

Tuziangalie amri zenyewe, kwa sababu si haramu. Zina mahali pake. Kache hufutwa kwa kuandika namba katika faili la /proc/sys/vm/drop_caches, lililoingia katika kiini cha 2.6.16 mwaka 2006. Ukiandika 1, kache ya mafaili inaachiwa. 2, taarifa za majina na mahali pa mafaili. 3, vyote viwili. Hutanguliwa na sync, ambayo huamuru data zilizobadilishwa zipelekwe diskini kwanza, kwa kuwa ukurasa ambao haujaandikwa diskini hauwezi kuachiwa. Wanaoanza hukwama kwenye sudo echo 3 ikifuatwa na mshale: sudo inaipa mamlaka echo, lakini faili linafunguliwa na ganda (shell) la mtumiaji wa kawaida, nalo linakataliwa. Njia nyoofu ni sudo sysctl -w vm.drop_caches=3. Hakuna data inayopotea. Nyaraka za kiini chenyewe zinasema wazi kwamba njia hii haikuwekwa kwa ajili ya kudhibiti ukuaji wa kache, na haishauriwi nje ya majaribio na uchunguzi. Ukitaka kupima swali la hifadhidata linachukua muda gani data zikiwa bado diskini, itumie. Baada ya zoezi la kupitia mamilioni ya mafaili madogo lililojaza kumbukumbu kwa majina yasiyotakiwa tena, itumie mara moja.

Kuiweka kwenye cron, ratiba ya amri zinazojiendesha zenyewe, ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo dada wa mapokezi alipofanya uchunguzi bora kuliko wangu. "Kaka, hata foleni ikiwa ndogo, saa ikifika kamili mfumo unalala kidogo, halafu unaamka." Saa nne kamili, saa tano kamili. Nikafungua crontab ya seva. Mstari ulikuwa pale: kila saa, dakika ya sifuri, futa kache yote. Aliyeuweka alikuwa na nia njema, sina shaka. Hifadhidata ile ilikuwa PostgreSQL, na PostgreSQL kwa mipangilio ya kiwandani hujitengea MB 128 tu. Sehemu kubwa inayobaki inaitegemea kache ya kiini. Kila saa mtungi ulikuwa unamwagwa, na watu wote wanateremka kisimani kwa pamoja.

Hesabu ya kumwaga huko inaweza kufanywa kwenye karatasi. Tuseme rekodi zinazotumika kila mara ni MB 400. Hizo ni kurasa 102,400. Diski inayozunguka, kila ombi likichukua milisekunde 10, hutimiza maombi 100 kwa sekunde. Zikisomwa ukurasa mmoja mmoja bila mpangilio, ni sekunde 1,024, dakika 17. Kiini husoma mbele kidogo ili kupunguza safari, kwa hiyo kwa kawaida muda ni mfupi kuliko huo. Lakini katika kituo chenye mama wajawazito waliopanga foleni tangu saa moja, hata dakika tano ni nyingi.

Na vijijini tunao ushahidi mwingine ambao hauhitaji hesabu. Umeme ukikatika na UPS ikaishiwa, RAM inafutika yote. Seva ikiwaka tena ina kumbukumbu tupu kabisa, hali ile ile ambayo mpenzi wa kufuta kache anaitafuta. Muulize yeyote anayekaa dirisha la dawa mfumo unakuwaje dakika za kwanza baada ya umeme kurudi. Atakwambia unajikongoja. Kama kumbukumbu tupu ingekuwa afya, asubuhi ya kukatika umeme ingekuwa asubuhi ya kasi kuliko zote. Uzito wa namna hii unapona wenyewe kadiri mtungi unavyojaa, nao haufanani na ule wa saa tatu, ambao hukaa hadi foleni iishe. Fundi anayeitwa kwa simu aulize swali hilo mwanzoni kabisa: unaisha wenyewe, au unaendelea?

Swapu nayo hufutwa kwa swapoff -a kisha swapon -a. Ya kwanza huvuta kurasa zote zilizoegeshwa na kuzirudisha kwenye RAM, ya pili hufungua tena njia ya pembeni. Kabla ya kuigusa, linganisha namba mbili: kiasi kilichomo kwenye swapu na safu ya available. Kwa zahanati ile, 610 dhidi ya 1,250, ingewezekana. Ingekuwa kinyume, kiini kwa kawaida hukataa na kusema kumbukumbu haitoshi. Hatari kubwa iko katika dakika zile ambazo swapu imefungwa. Hapo mashine haina pa kukimbilia. Mtu akifungua ripoti nzito ya mwezi, kiini kinaweza kuamua kuua mchakato ili kujiokoa, na mara nyingi mwathirika ni yule aliyebeba kumbukumbu nyingi, ambaye kwenye seva ya namna hii huwa ni hifadhidata. Alama za mauaji hayo hubaki kwenye shajara ya kiini. Amri ya journalctl -k itakuonyesha maneno ya kuishiwa kumbukumbu pamoja na jina la mchakato uliouawa. Kwa hiyo kazi hii ni ya usiku, wagonjwa wakiwa wameondoka, na ikimalizika hakikisha kwa swapon --show kwamba swapu imerudi. Nimewahi kukuta seva iliyokaa miezi bila swapu kwa sababu mtu aliifunga na hakuifungua.

Sababu halali ya kufanya hivyo ni moja tu ninayoiamini: jambo la mara moja, kama ripoti kubwa, limesukuma kurasa za kazi kwenye swapu, jambo limekwisha, RAM ina nafasi, na unataka kurasa zirudi kabla ya mlango kufunguliwa badala ya kurudi moja moja mgonjwa akisubiri. Shinikizo likiwa ni la kila siku, ukifuta leo, kesho saa tatu swapu itakuwa imejaa tena.

Shinikizo la zahanati ile lilitoka wapi? Kompyuta za watumiaji zilikuwa tisa. Kila kivinjari hufungua hadi miunganisho sita kwa seva moja. Tisa mara sita, 54. Seva ya wavuti ya Apache, ikiwekwa kwa mtindo wa mchakato mmoja kwa kila muunganisho, kwa mipangilio ya Debian na Ubuntu, huruhusu hadi michakato 150, kwa hiyo 54 haikuzuiwa na mtu. Nilipopima, kila mchakato pamoja na mwenzake wa hifadhidata ulibeba MB 60 hivi. 54 mara 60 ni 3,240. Ongeza MB 1,000 za mfumo na huduma nyingine, unafika 4,240 kwenye mashine yenye 3,900, na hapo hujaiwekea kache hata tone. Hakuna amri ya kufuta inayoweza kubadilisha hesabu hiyo.

Inabadilishwa kwa kuamua mapema. Nilitenga MB 1,000 za mfumo, MB 1,400 za kache, zikabaki 1,500. Ukigawa kwa 60 unapata michakato 25. Muunganisho wa ishirini na sita unasubiri kidogo mlangoni, na hao 25 wanahudumiwa haraka kiasi kwamba zamu inafika. Watu huiona hatua hii kama kubana huduma, nami naelewa kwa nini, lakini foleni iliyo nje ya RAM huenda haraka kuliko umati unaotapatapa ndani yake. Muda ambao muunganisho uliokaa kimya unaachwa wazi tuliupunguza. Nakala rudufu ya hifadhidata, iliyokuwa ikichukuliwa saa nne asubuhi na kuisoma diski nzima huku ikisukuma nje kache iliyokuwa na kazi, tuliihamishia saa nane usiku.

Kuna mpangilio wa swappiness, unaoanza na 60, ambao wengi hukimbilia kuushusha hadi 10 au sifuri. Unakieleza kiini kiegemee wapi kati ya kuachia kache na kuegesha kurasa za programu, basi, hauongezi kumbukumbu. Tuliuacha ulivyo. Chenye faida zaidi kwa mashine ndogo ni zram, iliyokubaliwa rasmi katika kiini cha 3.14: swapu inayokaa ndani ya RAM yenyewe ikiwa imebanwa, ili kurasa zisiguse diski. Inagharimu kichakataji kidogo, na kwenye mashine yenye diski inayozunguka naiona ni bei nzuri. Kama fedha ipo, kibao cha pili cha RAM na SSD vitangulie mengine yote. Mama mganga aliniambia fedha hiyo itapatikana baada ya miezi mitatu, na wagonjwa hawawezi kuisubiri.

Mstari wa cron niliufuta mwenyewe, nikaandika kwenye daftari la seva tarehe na sababu, ili anayekuja baada yangu asiurudishe.

Jumatatu iliyofuata, saa tatu na robo, nilifungua vmstat. Safu za si na so zilicheza kati ya sifuri na tarakimu moja moja. Nikampigia dada wa mapokezi. Nyuma ya sauti yake nilisikia printa ya risiti ikikata karatasi, mtoto akilia, mtu akiitwa jina.

"Foleni ikoje, dada?"

"Ipo, kaka, tena leo ni siku ya kliniki. Ila inakwenda. Subiri kidogo, nimwandikishe huyu bibi."